Sternocleidomastoid: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu silabi, matamshi na viungo vya neno

Maswali haya yamenifikia kwa miaka kadhaa kutoka kwa wanafunzi wa uuguzi, utabibu na fiziotherapia ninaosoma nao jioni hapa Nairobi. Wengi hutoka vyuo vilivyo karibu na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, wengine hushuka kutoka kampasi ya Chiromo. Neno ni moja tu, lakini ndilo linalowatisha wengi katika wiki za mwanzo za anatomia. Nimeanza na ya msingi, nikamalizia na yale ya pembeni. Swali likiwa limejibiwa kwingine, nimekuelekeza huko.

Kuna jambo ninaloliamini na utakutana nalo kila mahali hapa. Mtu aliyepita darasa la Kiswahili la Kenya, akachanganua "anayetupikia" hadi mofimu ya mwisho, tayari anacho kisu cha kupasulia maneno ya Kigiriki. Kilichobaki ni aambiwe kwamba kisu ni kilekile.

## Misingi

1. Neno hili lina maana gani?

*Sternocleidomastoid* ni kivumishi cha anatomia. Kinataja msuli mrefu wa shingo, mmoja kila upande, unaoanzia kwenye mfupa wa kidari na kwenye mtulinga, ukapanda mshazari hadi kwenye nundu ya mfupa iliyo nyuma ya sikio. Jina limebeba vituo vyote vitatu, kama matatu iliyoandikwa njia yake ubavuni: kidari, mtulinga, nyuma ya sikio.

Ukitaka kuuona, simama mbele ya kioo na ugeuze uso kuelekea bega la kulia. Kamba itakayojitokeza upande wa kushoto wa shingo ndiyo hiyo. Ishike kwa vidole viwili uifuate chini: utafika kwenye kishimo kilicho katikati ya mitulinga. Ifuate juu: utaishia nyuma ya ndewe ya sikio. Nawaomba wanafunzi wafanye hivi kabla ya kufungua kitabu, kwa sababu neno likishagusika mwilini halipotei upesi.

2. Ni kivumishi au ni nomino?

Kwa asili ni kivumishi, ndiyo maana kwa Kilatini kinatanguliwa na neno la msuli: *musculus sternocleidomastoideus*. Lakini madaktari wamelidondosha neno "msuli" kwa muda mrefu, na kivumishi kikabaki kinasimama peke yake kama nomino. Kiswahili hufanya vivyo hivyo: "wagonjwa wamefika" ni nomino, "mtu mgonjwa" ni kivumishi, na hakuna anayechanganyikiwa. Kwa hiyo "msuli wa sternocleidomastoid" ni sawa, na "sternocleidomastoid" peke yake ni sawa pia.

3. Ni Kigiriki, Kilatini au Kiingereza?

Mizizi ni ya Kigiriki, vazi ni la Kilatini, na Kiingereza kimekata mkia. Kigiriki kilitoa *sternon*, *kleis*, *mastos* na *eidos*. Wanaanatomia wa Ulaya walioandika kwa Kilatini wakaiunga na kuitilia kiishio *-eus*. Kiingereza kikaondoa kiishio hicho, tukabaki na *-oid*.

Inafaa kujua kwamba majina haya hayakukusanywa na mtu mmoja. Kufikia mwisho wa karne ya 19 kila nchi na kila mwalimu alikuwa na orodha yake, kiungo kimoja kikiitwa majina mengi. Mwaka 1895 wanaanatomia walikutana Basel, Uswisi, wakakubaliana orodha moja ya Kilatini. Imerekebishwa mara kadhaa tangu hapo, na ile iliyotolewa 1998 kwa jina *Terminologia Anatomica* ndiyo iliyoweka msingi wa majina mengi unayoyakuta katika vitabu vya sasa.

## Silabi

4. Lina silabi ngapi?

Sita, kwa matamshi ya Kiingereza: ster – no – clei – do – mas – toid.

Weka kiganja chini ya kidevu ulitamke polepole. Kidevu kinashuka mara sita. Ukipata zaidi ya sita, soma swali la 5 kabla ya kujisahihisha, maana huenda hujakosea unavyodhani.

5. Mbona mimi nahesabu tisa?

Kwa sababu unahesabu kwa Kiswahili. Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote katika ukurasa huu.

Katika Kiswahili kila irabu hubeba silabi yake. "Kaida" ni ka-i-da, silabi tatu. Kiingereza kwa upande wake huzibana irabu mbili zikawa mlio mmoja unaoteleza, kwa hiyo *clei* ni silabi moja na *toid* ni silabi moja. Tena Kiswahili hupenda kumalizia neno kwa irabu, ndiyo maana mdomo wako unaongeza *i* mwishoni hata usipotaka. Matokeo yake ni ster-no-kla-i-do-mas-to-i-di. Hizo ni tisa.

Sasa tazama Kilatini chenyewe: ster-no-clei-do-mas-to-i-de-us. Nazo ni tisa! Mwanafunzi wa Eastleigh anayesema "mastoidi" kwa kuitenganisha *o* na *i* anakata palepale Mgiriki alipounga, kwa sababu ile *o* na ile *i* zilitoka katika vipande viwili tofauti vya neno (swali la 15 linaeleza vipande hivyo). Kiingereza ndicho kilichoufunika mshono. Katika mtihani wa Kiingereza jibu ni sita. Lakini sikio lako la Kiswahili linasikia kitu cha kweli ambacho sikio la Kiingereza limekisahau.

6. Nikifika mwisho wa mstari nilikate wapi?

Kata kwenye mpaka wa mizizi: *sterno-* au *sternocleido-*, halafu uendelee mstari unaofuata. Usiliache *ma-* peke yake mwishoni mwa mstari.

## Matamshi

7. Linatamkwaje, kipande kwa kipande?

Nitatumia maneno unayoyatumia kila siku.

*Ster-no*: midomo ipite kwenye *r* na *n* kama katika "karne". Ukiweza kusema "karne" bila kuingiza irabu katikati, unaweza kusema "sterno".

*Klai*: ifanye iwiane na "chai", lile neno unalomwambia mwenye kibanda asubuhi ukiwa na haraka, kwa pumzi moja.

*Do*: fupi, bila kuivuta.

*Mas*: kama mwanzo wa "maskini".

*Toid*: tamka Toi, lile soko la mitumba karibu na Adams Arcade, kisha ufunge kwa *d*. Ulimi ubaki juu nyuma ya meno, usiuachie irabu.

Sema vipande viwili viwili kwanza: sterno, klaido, mastoid. Vikishatulia kila kimoja peke yake, viunge. Anayejaribu neno zima kwa mkupuo mara ya kwanza hukwama kwenye *klai*, akarudi mwanzo, akakwama tena.

8. Mkazo unaangukia wapi?

Mkazo mkuu uko kwenye MAS. Kuna mikazo midogo miwili kwenye STER na KLAI. Kwa hiyo mdundo ni zito-jepesi, zito-jepesi, ZITO-jepesi.

Kosa letu la kawaida linatokana na kanuni tuliyonyonya pamoja na lugha: shadda ya Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukishaongeza ile *i* ya mwisho, silabi hiyo inakuwa *-i-*, nawe unasema "mastoÍdi". Nikiwa mwanafunzi nililitamka hivyo mbele ya mtahini mmoja, akanikatiza na kuniuliza kama nimelisoma neno hilo au nimelisikia tu. Nilinyamaza mtihani wote uliobaki, na alama zikaonyesha. Iliniuma muda mrefu, kwa sababu nilikuwa nimelisoma vizuri sana. Nililolikosa ni mkazo.

Dawa yake ni rahisi. Usiongeze *i*. Ukimalizia kwa *d*, silabi ya pili kutoka mwisho inakuwa MAS yenyewe, na kanuni yako ya Kiswahili inakupeleka mahali sahihi bila kujitahidi. Lijaribu sasa hivi, utaona.

9. Kwa nini *ei* inasomwa "ai"?

Ni desturi ya Kiingereza kwa maneno mengi ya Kigiriki yaliyobaki na *ei*. Neno *kaleidoscope* lina kipande kilekile *-leido-*, na husomwa "laido". Warumi walikuwa na desturi nyingine, waliigeuza *ei* ya Kigiriki kuwa *i*: Eukleides, yule wa jiometri, ndivyo alivyofika kwetu akiwa Euclid. Kwa sababu hiyo utakutana mara mojamoja na tahajia ya *clido-* mahali pa *cleido-*. Mzizi ni ule ule.

Kwa wale wanaokosea tahajia: *e* hutangulia *i*. Kumbuka *kleis* ya Kigiriki, nayo ina *e* kwanza.

10. Lafudhi yangu ya nyumbani ni kosa?

Hapana. Lakini tutenganishe lafudhi na makosa yanayobadilisha neno.

Wengi wetu Kenya tunasema "stano" mahali pa *sterno*, kama tunavyosema "nas" kwa muuguzi. Kila mtu wodini anaelewa. Waliokulia Kikuyu mara nyingine husema "kraindo", kwa kuwa lugha hiyo haina *l* na *d* yake huja na *n* mbele. Hiyo nayo ni lafudhi, na mazoezi ya "klai, klai, klai" kwa siku chache huinyoosha ukitaka. Kuingiza irabu, "siterno", hakuna sababu hata kidogo: Kiswahili chenyewe kina *st* katika stadi, staha na starehe, na hakuna anayesema "sitadi".

Kosa la kweli ni lile linalomfanya msikilizaji asikie kiungo kingine au ugonjwa mwingine. Hayo yako katika maswali ya 18 na 19.

11. Naweza kusema SCM tu?

Wodini, ndiyo, kila mtu husema hivyo. Kwenye karatasi ya mtihani andika neno zima mara ya kwanza. Nawaomba pia msikimbilie kifupisho mwezi wa kwanza. Herufi tatu hazikwambii msuli unaanzia wapi wala unaishia wapi. Neno zima linakwambia.

## Viungo vya neno

12. Nilichanganueje kama tulivyofundishwa Kiswahili?

Kumbuka "anayetupikia": a-na-ye-tu-pik-i-a. Kila kipande kina kazi: nafsi, wakati, kirejeshi, mtendewa, mzizi, kauli, kiishio. Hukukariri neno hilo. Ulilijenga, na hata leo ukisikia "waliotupikia" kwa mara ya kwanza utalielewa.

Fanya vivyo hivyo hapa:

stern (mzizi: kifua, kidari) – o (kiunganishi) – cleid (mzizi: ufunguo, mtulinga) – o (kiunganishi) – mast (mzizi: titi) – oid (kiambishi tamati: -enye umbo la).

Tofauti moja kubwa ni kwamba neno la Kiswahili mara nyingi lina mzizi mmoja unaozungukwa na viambishi, na hili lina mizizi mitatu. Liite neno ambatano, jamaa ya "mwanahewa" na "batamzinga", lenye kiambishi kimoja mwishoni.

13. Mtulinga umehusianaje na ufunguo?

Katika Kigiriki cha kale *kleis* ilikuwa komeo, ndoano ya kufungulia komeo, ufunguo, na pia mtulinga. Maana zote hizo zilibebwa na neno moja. Umbo la *kleid-* hutokea neno linaponyambuliwa, ndiyo maana katika maneno ambatano tunaona *d* isiyokuwepo katika *kleis*.

Ufunguo wa zamani usiufikirie kama huu wa kufuli ya leo. Ulikuwa chuma kirefu kilichopindwa, kilichopitishwa kwenye tundu la mlango ili kuvuta komeo la ndani. Sasa pitisha kidole juu ya mtulinga wako: umepinda mbele, kisha ukapinda nyuma. Wanaanatomia huongeza jambo jingine zuri, kwamba unapoinua mkono juu ya kichwa mtulinga hujizungusha kwenye mhimili wake kama ufunguo unaogeuzwa. Weka vidole juu yake, uinue mkono polepole, utausikia ukizunguka.

Warumi waliuita mfupa uleule *clavicula*, yaani kifunguo. Wazo ni lile lile, lugha ni nyingine, na mkanganyiko unaotokana na hilo uko katika swali la 20.

14. Titi limefikaje nyuma ya sikio?

Swali hili huulizwa kwa aibu, na hakuna sababu ya aibu. *Mastos* ni titi au chuchu. Ile nundu ya mfupa nyuma ya sikio ni ya mviringo, imeshuka chini na kuchongoka kidogo, na watu wa kale waliipa jina kwa umbo lake: yenye umbo la titi. Iguse. Hakuna tezi wala maziwa, ni mfano wa umbo tu.

Neno *mastoid* lenyewe ni kivumishi kingine ndani ya kivumishi chetu kirefu. Ukilijua hilo, theluthi ya neno imekwisha.

15. Hii *-oid* ni nini hasa?

Inatoka kwa *eidos*, umbo au sura. Wagiriki walitanguliza *o* ya kuungia, ikawa *-oeides*. Warumi waliifanya *-oides*, Kiingereza *-oid*. Hapo ndipo mshono wa *o* na *i* nilioutaja katika swali la 5.

Kiswahili kina kifaa chake cha kazi hii: *ki* ya mfanano. Mtu anatembea kijeshi, anaongea kitoto, amevaa kizee. Hatumaanishi kwamba yeye ni jeshi au ni mtoto. Tunasema amefanana naye. *-oid* ni *ki* hiyo, ila imekaa nyuma ya neno na inahusu umbo.

Ukishaiona hivyo, mifupa ya mwili mzima inaanza kuongea. *Deltoid*, msuli wa bega, una umbo la herufi delta ya Kigiriki, pembetatu. *Sigmoid*, sehemu ya utumbo mpana, imepinda kama herufi ya mlio wa *s*. *Hyoid*, kifupa cha kooni, kimechukua sura ya upsilon. *Xiphoid* ni ncha ya chini ya kidari, nayo ni upanga. *Cricoid* ni pete, na kweli gegedu hiyo ya koo imezunguka kote kama pete. *Ethmoid* ni chekeche, mfupa wenye matundu ambamo neva za kunusa hupita. *Sphenoid* ni kabari. *Scaphoid*, kifupa cha kifundo cha mkono, ni mtumbwi. *Coracoid* ni kunguru, kwa sababu ya mdomo wake uliopinda.

Na *sesamoid* ni simsim. Vifupa vidogo vinavyokaa ndani ya kano vilifananishwa na punje za simsim, zile zile zinazouzwa kwenye pakiti pale Gikomba. Kilicho kikubwa kuliko vyote katika kundi hilo ni kilegesambwa cha goti, ambacho hakuna punje ya simsim itakayowahi kukifikia kwa ukubwa, lakini jina limebaki.

16. Ile *o* ya katikati ina maana?

Haina maana, ina kazi. Inaunganisha mizizi ili konsonanti zisigongane. Mzizi ukifuatwa na kiambishi kinachoanza kwa irabu, *o* huondoka: *gastr* na *itis* huwa *gastritis*. Mzizi ukifuatwa na mzizi mwingine, *o* hubaki mara nyingi hata kama unaofuata umeanza kwa irabu: *gastroenteritis*.

17. Kwa nini mpangilio ni kidari, mtulinga, kisha nyuma ya sikio?

Kwa sababu misuli mingi iliyopewa majina ya vituo hutajwa kwa kuanzia msuli unapoanzia, yaani upande usiosogea sana, hadi unapoishia, upande unaovutwa. Kidari na mtulinga vimetulia, na kichwa ndicho kinachogeuka. Matatu ya kutoka Kangemi kwenda katikati ya jiji huandikwa kwa mpangilio wa safari, na msuli nao hivyohivyo.

Ukishika kanuni hii utasoma *sternohyoid*, *sternothyroid* na *stylohyoid* bila mwalimu. Hata *brachioradialis* inakubali: mkono wa juu hadi *radius*, mfupa wa mkono wa chini ulio upande wa kidole gumba. Lakini usiilazimishe kwa kila msuli. *Deltoid* imepewa jina kwa umbo, na *trapezius* kwa mfano wa meza ndogo ya Kigiriki. Hayo hayana safari ndani yake.

Mpangilio huu pia unakusaidia kujibu swali la mwendo linalowaangusha wengi. Msuli wa kulia ukijikaza, unalivuta lile eneo la nyuma ya sikio la kulia lishuke na kuja mbele kuelekea kidari. Kichwa kinainamia kulia, uso unageukia kushoto. Huhitaji kukariri "upande wa pili", vuta tu kituo cha mwisho kuelekea cha kwanza uone uso unaenda wapi. Neva inayoupa amri ni ya 11 ya ubongo, na ndiyo maana daktari anayeipima humwambia mgonjwa ageuze uso dhidi ya mkono wake.

## Maneno yanayochanganya

18. *Sterno-* na *steno-* si kitu kimoja?

Si kitu kimoja, na tafadhali lichukue jambo hili kwa uzito. *Sternon* ni kifua. *Stenos* ni finyu, embamba, na ndiyo iliyozaa *stenosis*, kupungua kwa njia ya valvu ya moyo au ya mshipa. Tunapoandika kwa tahajia ya Kiswahili na kuiangusha *r*, tunaandika "steno" kwa yote mawili na kuzifuta maana. Kwa hiyo naandika "sternoklaidomastoidi" kwa *r*, hata kama wengi hawaitamki. Tahajia ina wajibu wa kulinda mzizi.

19. *Mastoiditis*, *mastitis*, na seli za *mast*?

*Mastitis* ni uvimbe wa titi, unaowapata hasa mama wanaonyonyesha. *Mastoiditis* ni maambukizi katika ule mfupa wa nyuma ya sikio, na mara nyingi hufuata ugonjwa wa sikio ambao haukutibiwa vizuri, hasa kwa watoto. Tofauti yake kwa maandishi ni herufi tatu, *oid*, na herufi hizo ndizo zinazompeleka mgonjwa kwenye kliniki ya masikio au ya akina mama. Tamka *oid* kwa ukamilifu kila mara.

Seli za *mast*, zile za mzio, hazihusiani kabisa na *mastos*. Mjerumani Paul Ehrlich aliziita kwa neno la Kijerumani la kunenepesha mifugo, kwa sababu aliziona zimejaa chembe.

20. Kama *cleido-* ni mtulinga, mbona kiungo kinaitwa *sternoclavicular*?

Kwa sababu majina haya hayakutungwa na kamati iliyopenda usafi wa lugha. Msuli ulichukua neno la Kigiriki la mtulinga, kiungo kinachounganisha mtulinga na kidari kikachukua la Kilatini. Mshipa unaopita chini ya mtulinga nao ni *subclavian*, Kilatini kitupu. Ukikutana na *cleido-* au *clav-*, waza mfupa mmoja.

21. Nimwelezeje mgonjwa?

Usimpe neno hili. Mama aliyeleta mtoto mchanga ambaye shingo imeinama upande mmoja anahitaji kusikia hivi: "Mama, huu msuli unaotoka kifuani hadi nyuma ya sikio umejikaza na kuwa mfupi, ndiyo maana kichwa kimelala huku na kidevu kimeangalia kule. Tutakuonyesha namna ya kuunyoosha polepole." Kila kitu kilicho ndani ya jina kimo katika sentensi hiyo. Ukiweza kuisema, umelielewa neno.

Kwa mzee wa makamo mwenye shingo iliyokaza, tumia heshima ya kawaida, "mzee, geuza uso pole pole kuelekea mlangoni", na umguse kwa idhini.

22. Nasoma tiba ya mifugo Kabete na siupati msuli huu kwa mbuzi. Nakosea wapi?

Hukosei. Msuli wa binadamu unashika kidari na mtulinga kwa pamoja, lakini mbuzi na ng'ombe hawana mtulinga kama wetu. Kazi imegawanywa. Upande wa kidari utakuta *sternocephalicus*, ambao kwa wanyama hawa una sehemu mbili: *sternomandibularis* unaokwenda kwenye taya na *sternomastoideus* unaokwenda nyuma ya sikio. Upande wa pili kuna *brachiocephalicus*, unaoshuka hadi mkono wa mbele, na mojawapo ya sehemu zake ni *cleidomastoideus*. *Cleido-* imebaki katika jina ingawa mtulinga haupo, kwa sababu waliouita hivyo waliuona kuwa ndugu wa ule wa binadamu.

Chukua vipande vya swali la 12 uvisambaze juu ya shingo ya mbuzi: *sterno-* kwenye kidari, *cleido-* mahali ambapo mtulinga ungekuwa, *mastoid* nyuma ya sikio, na *mandibul-* kwenye taya. Kila msuli utakaoukata utakuwa umeandikwa njia yake.